Ponti Iliyotoka Chini ya Kuku wa Bendera

Nyinyi vijana mnaokuja uwanjani kwangu hapa Kalemie na simu mkononi, mnanionyesha picha za ponti zinazong'aa kama sufuria mpya, halafu mnaniuliza, "Mama Ponti, ipi ina nguvu?" Huwa nacheka kwanza. Siwadharau. Nacheka kwa sababu swali hilo nimeulizwa maisha yangu yote ya kazi, na karibu kila aliyeuliza alikuwa ameshachagua jibu lake kabla ya kufika kwangu. Alitaka tu nitingishe kichwa.

Sasa nimeacha kazi. Magoti yangu yamegoma. Kulala chini ya gari yanakubali, kuinuka ndiko yanakokataa. Mdomo bado uko mzima, kwa hiyo vuteni viti.

Kwa yule ambaye bado hajaingia garaji: ponti ya nyuma ni kile chuma kinene kinacholala chini ya gari kutoka gurudumu moja la nyuma hadi lingine. Katikati kina kichwa cha mviringo kama chungu, na ndani ya chungu kuna meno. Kutoka hapo zinatoka shafti mbili, moja kila upande, kwenda kuzungusha magurudumu. Gari, mzigo, watu waliokaa juu ya mzigo, mbuzi wao, vyote vimekaa juu ya ponti. Ndiyo maana nimeipenda sehemu hiyo kuliko nyingine zote. Injini inapiga kelele na kusifiwa, na ponti inabeba tu.

Siku moja ikaingia garajini kwangu gari aina ya jipe ya Mama Feza, imebebwa juu ya kamio, yaani lori, kama mgonjwa. Mama Feza alikuwa mfanyabiashara wa ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwa letu. Alinunua ufukweni kwa wavuvi, akapakia magunia kwenye jipe yake iliyokatwa nyuma ikawa na kitanda cha mzigo, akaenda kuuza Niemba, akaendelea hadi Kiambi, akarudi na mahindi na mawese. Alikuwa mtu wa kicheko, anacheka kabla hadithi haijafika mahali pa kuchekesha. Shofere wake alikuwa Dede, mtoto wa dada yake, kijana mwema sana aliyeendesha kana kwamba barabara imemtukana.

Nikawauliza kimetokea nini.

"Mama Ponti," Dede akasema, "tulikuwa tunashuka mulima kabla ya kufika Niemba. Naona mupira wa gari unatupita upande wa kuume, unakimbia peke yake. Nikamwambia mama mudogo, tazama, kuna muntu amepoteza mupira wake."

"Na miye nikamwambia," Mama Feza akadakia, "Dede, nyuma yetu hakuna gari!"

Hapo ndipo jipe ilipoanguka upande mmoja. Shafti ilikuwa imekatika, gurudumu likatoka pamoja na kipande chake na kutangulia kwenda Niemba. Wote wawili wakacheka mpaka machozi, lakini Mama Feza ndiye aliyenyamaza wa kwanza.

"Dada yangu Aziza alikuwa juu ya magunia," akasema. "Amevunjika mukono. Angeweza kuvunjika shingo. Na si mara ya kwanza hii shafti inakatika, sema tu zile nyingine zilikatika tukiwa tambarare. Miye sibebe tena muntu mpaka hii ponti itoke. Na Riziki, mutoto wangu, anaolewa Kiambi mvua zikipungua. Nitampeleka na nini? Kwa baiskeli, na mashangazi wote wamekaa nyuma?"

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi: kumtafutia Mama Feza ponti ya kumfikisha binti yake Kiambi, na isiyoua mtu njiani.

Kabla sijaendelea, lazima niwaambie habari za Papa Lukas, kwa sababu bila yeye nisingejua hata pa kuanzia. Nilianza kazi kwenye depo ya vipuri ya reli, nikitoa bulo, zile boliti za kufungia vyuma, na rulema dirishani. Rulema ni zile duara za chuma zenye gololi ndani, zinazofanya kitu kizunguke bila kusuguana. Papa Lukas alikuwa fundi wa chuma kwenye atelie, karakana ya reli. Siku moja aliniambia, "Weye unajua majina ya vyuma vyote, lakini hujawahi kusalimiana navyo." Akanichukua. Wanaume wa atelie walicheka wiki ya kwanza, wiki zilizofuata wakaanza kuniazima funguo zangu, yaani spana, kwa sababu nilizipanga vizuri kuliko wao.

Papa Lukas alikuwa na nyundo ndogo mfukoni, hakuiacha hata Jumapili. Aligonga kila kitu. Shafti anaifunga kwa kamba, anaining'iniza, anaigonga, anasikiliza. "Chuma kizima kinaimba," alisema. "Chenye ufa kinakohoa." Mke wake alituambia kwamba sokoni alikuwa anagonga sufuria zote za muuzaji mpaka wamfukuze. Tulicheka sana, ila mama yule alikiri kwamba nyumbani kwake hapakuwa na sufuria iliyovuja.

Sasa rudini kwa Mama Feza.

Nilimkalisha, nikamchorea mchangani. Nikamwambia, usiniulize kwanza ipi ni nene. Uliza hivi: shafti ikikatika, gurudumu litaenda wapi? Kwa sababu kuna ponti za namna mbili. Katika namna ya kwanza, shafti ina kazi mbili kwa wakati mmoja, inazungusha gurudumu na pia inabeba uzito wa gari. Gurudumu limeshikwa na shafti yenyewe. Shafti ikikatika, gurudumu linaaga. Hiyo ndiyo ilikuwa yako. Katika namna ya pili, gurudumu linakaa juu ya rulema zake mbili kubwa, nje ya bomba la ponti. Uzito unabebwa na bomba. Shafti inapita ndani, kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake kama hakuna kilichotokea.

Mama Feza akatazama mchoro kwa muda. "Njo hiyo ya pili ninayotaka," akasema. "Hata kama ni mbaya ya sura."

Dede, yeye alikuwa ameshachagua. Karibu na bandari palikuwa na kamio iliyokufa, imebaki mifupa, na ponti yake ilikuwa nene kama kiuno cha ng'ombe. Alinivuta mkono kwenda kuiona.

"Mama, tutie ponti ya kamio! Nani ataivunja hii?"

"Hakuna atakayeivunja," nikamwambia. "Yenyewe ndiyo itatuvunja." Nikapima kwa kamba kutoka upande hadi upande: magurudumu yangetokeza nje ya jipe kama miguu ya chura. Halafu nikampa chaki. Tukaweka alama kwenye gurudumu na alama kwenye kardani, ule mti wa chuma unaotoka kwenye injini kuja nyuma. Yeye akazungusha gurudumu polepole, mimi nikahesabu kardani inazunguka mara ngapi. Tukafanya hivyo hivyo kwenye ponti ya mbele ya jipe. Hesabu hazikukutana hata kidogo. Vijana, hapa msipitwe: gari inayovuta kwa magurudumu yote manne, ponti ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na hesabu moja. Zisipokuwa nayo, mbele inataka kukimbia na nyuma inataka kutembea, na gari inajipasua yenyewe. Na uzito pia. Ponti nzito kuliko inavyohitajika inakula magunia ya ndagala safari nzima, kwa sababu unaibeba iwe na mzigo au isiwe nao.

Dede aliiaga ile ponti kwa huzuni. Aliipapasa kama anamuaga mchumba.

Ponti ya pili tuliyoitazama ilikuwa imekuja kwa boti kutoka Kigoma, iko kwa muuzaji mmoja sokoni, imepakwa rangi nyeusi inayowaka. Mama Feza aliipenda palepale. Mimi nikatoa ufunguo na kukwangua rangi kidogo penye bomba.

"Mama, unachubua biashara yangu!" muuzaji akalia.

"Naitazama uso tu, papa, usikasirike."

Chini ya rangi palikuwa na kovu la moto. Bomba lilikuwa limekatika zamani likachomelewa, na bomba likichomelewa bila kushikwa vizuri, linapinda. Kwa jicho huoni. Vuta kamba kutoka mwisho hadi mwisho, utaona. Tukavuta, ikaonekana. Isitoshe, ilikuwa namna ileile ya zamani, gurudumu limeshikwa na shafti. Yule muuzaji hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameinunua hivyohivyo, naye akashangaa pamoja na sisi. Kisha akacheka, akasema, "Kama mnataka ile ya rulema nje, nendeni Bendera. Kuna mzee anaitwa Papa Mulongo, aliwahi kuwa shofere. Ana gari kama hii yenu, ila ile kubwa ya mizigo. Injini ilikufa zamani. Sasa kuku njo wanalala ndani."

Tukaenda Bendera, sisi watatu, kwenye gari ya kuomba.

Papa Mulongo alitupokea vizuri, akatupa viti na mahindi ya kuchoma. Gari yake ilikuwa nyuma ya nyumba, imezama kwenye majani, na kweli ilikuwa kijiji cha kuku. Nilipolala chini yake nikaona bomba limenyooka, na vichwa vya magurudumu vimetokeza nje kama vikombe. Nikapiga kelele kwa furaha huko huko chini. Tukahesabu kwa chaki. Hesabu ikakutana na ya jipe. Tukapima kwa kamba. Upana ulikuwa sawa. Mama Feza alikuwa pembeni anaomba Mungu.

"Ponti chukueni," Papa Mulongo akasema. "Muitumikishe, inaoza bure. Lakini nyumba ni ya kuku. Na yule wa kwenye kiti cha shofere analalia mayai. Akiinuka amekasirika, harudi tena. Namujua."

Tukamtazama. Kuku mwekundu, mnene, amekaa kwenye kiti cha shofere kama anangoja abiria.

Vijana, nimetoa ponti nyingi, hakuna niliyoitoa kwa adabu kama ile. Tuliinua gari kwa kriki, ile jeki ya mkono, kidogo kidogo. Kila ikipanda, tunasimama, tunamwangalia kuku. Yeye anageuza shingo, anatutazama kwa jicho moja, tunangoja. Dede, ambaye hakuwahi kufanya kitu polepole tangu azaliwe, alikuwa anatembea kwa ncha za vidole. Mama Feza alisimama dirishani akimwambia kuku, "Vumilia, mama mwenzangu. Na miye nina mutoto wa kuhangaikia." Tukaweka magogo chini ya shasi, ule mgongo wa gari, pande zote, tukafungua bulo zilizoshikana kwa kutu, tukaivuta ponti nje juu ya vipande vya miti. Papa Mulongo akaingiza beseni la maji ndani ya gari, aone kwa maji kama imelala sawa.

"Upande huu ongezeni gogo," akasema. "Kuku wangu hawapendi kulala kwenye mteremko."

Tukaongeza. Kuku hakuinuka hata mara moja. Mama Feza akamwachia mzee gunia la ndagala, na mzee akatuimbia wimbo wa kutusindikiza mpaka barabarani.

Kule garajini nilizitoa shafti zote mbili, nikazining'iniza na kuzigonga kama Papa Lukas. Zote ziliimba. Nikatazama meno ya ncha zake, kwa sababu shafti iliyochoka hukunja meno yake kama kamba inayosokotwa kabla haijakatika. Yalikuwa yamenyooka. Rulema nikaweka mpya, na gresi nyingi, kisha nikaifunga ponti chini ya jipe. Halafu nikafanya kitu ambacho watu wengi hawakifanyi. Juu ya kila ponti kuna kitundu kidogo cha kupumulia. Kikiziba matope, ponti ikiwa ya moto ukaiingiza kwenye mto wa baridi, inavuta maji kupitia kwenye sili, zile pete za mpira zinazozuia mafuta, na siku ya pili mafuta yanatoka meupe kama maziwa. Niliunga mpira mwembamba kwenye kitundu hicho, nikaupandisha hadi juu karibu na kitanda cha mzigo. Sasa ponti iliweza kuvuka mto na pua yake ikiwa juu.

Siku ya safari ilipofika, nilikuja kuwaaga tu. Mama Feza akaniangalia nguo zangu.

"Mbona hujavaa?"

"Nivae kwenda wapi?"

"Fundi aliyeweka ponti atakaa juu yake. Panda."

Nikakimbia nyumbani kuchukua kitenge.

Tulikuwa bibi harusi Riziki mbele pamoja na mama yake na Dede, na nyuma mimi na mashangazi, sufuria, mikeka na ngoma. Mama Aziza, yule wa mkono uliovunjika, mkono ulikuwa umepona lakini imani haijapona. Alichagua kukaa pembeni kabisa, ameinama nje, macho kwenye gurudumu la kuume. Kila tukishuka kilima anatangaza, "Bado liko!" Mashangazi wanajibu, "Liko!" Tulipita Niemba tukitangaza hivyo, na watu wa barabarani wakatupungia, wakidhani ni wimbo wa harusi.

Tukapita vijito, tukapanda na kushuka, na ponti ikabeba. Dede akaanza kuipenda. Na shofere akipenda ponti mpya, hapo ndipo muwe macho. Karibu na Kiambi palikuwa na shimo la matope. Badala ya kuingia taratibu, akaingia kwa mbio kuonyesha nguvu. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, matope yakapaa, yeye akazidisha mafuta, kisha gurudumu likashika jiwe ghafla. Tukasikia *pwaa!*

Muelewe kitu hiki, kwa sababu hamtakisikia kwa muuzaji: mzigo peke yake hauvunji shafti nzuri. Kinachovunja ni gurudumu linalozunguka kwa kasi bila kushika kitu, halafu likashika mara moja. Hata chuma kinachoimba hakipendi hivyo.

Mashangazi wote wakanigeukia. Hata Riziki aligeuka nyuma kunitazama. Halafu sauti ya Mama Aziza ikapaa juu ya matope yote:

"Liko! Jamani, gurudumu liko! Limekaa!"

Jipe haikuanguka upande. Haikuinama hata kidogo. Nilikuwa tayari nimeruka chini, kitenge nimekifunga kiunoni, nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Dede alikuja ameinamisha kichwa. "Mama Ponti, nimeharibu ndoa ya mutoto wa watu."

"Hujaharibu kitu. Lete funguo."

Nikafungua bulo zilizozunguka katikati ya gurudumu, nikavuta kipande cha nje cha shafti, kikatoka. Cha ndani nikakitoa kwa waya niliopinda kama ndoana. Gurudumu halikuguswa, limekaa juu ya rulema zake, linatutazama. Ili vumbi lisiingie na mafuta yasitoke, nikakata kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, nikakibana pale kwa bulo zilezile. Riziki alikuwa ameshuka, amesimama kwenye majani, amenyanyua nguo yake nzuri kwa mikono miwili.

"Tutafika, mama?"

"Utafika umekaa," nikamwambia. "Dede, tia nguvu ya magurudumu ya mbele. Na uende kama kule Bendera."

Akaelewa. Akaingia, akaondoa gari kwa ncha za vidole. Magurudumu ya mbele yakavuta, ya nyuma yakafuata tu, na jipe ikatoka kwenye matope kama inatoka kitandani. Mashangazi walipiga vigelegele hadi nikaziba masikio. Mama Feza alitoa kichwa dirishani, na safari hii hakucheka. Alinishika mkono wenye gresi akauweka shavuni mwake, akabaki na alama nyeusi ambayo hakuifuta mpaka jioni.

Kiambi walikuwa wanatungoja tangu asubuhi. Ngoma zilianza kabla hatujasimama. Baba wa bwana harusi alitupokea mmoja mmoja, na aliposikia habari za njiani akaagiza fundi apewe kiti. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka, wa kuchekesha mpaka leo. Wazee wanaume walisema fundi akae kwao, wanataka kuelezwa shafti ilivyokatika. Akina mama wakasema ni mama, atakaa na akina mama. Kiti kikabebwa huku, kikarudishwa kule, kikasimama katikati ya uwanja, na kila upande unaita.

Mimi nilikitazama kile kiti. Nikatazama jipe, imesimama wima juu ya magurudumu yake yote, matope hadi madirishani, na Riziki anashuka akishikwa mkono na mume wake. Ngoma ikabadilika mwendo. Magoti yangu wakati ule yalikuwa bado yananisikiliza.

Kiti kilibaki peke yake pale katikati, nami nikacheza kukizunguka mpaka jua likazama.